Amplifaya ya gari inayojizima yenyewe: tuipime kwanza kabla ya kununua nyingine

Mwanzilishi wa uzi (fundi umeme wa magari, Mjini Unguja)

Assalaam aleikum wanajukwaa. Nimeufungua uzi huu kwa sababu ya wateja ambao hufika wakiwa wameshaamua ugonjwa na dawa yake kabla gari halijafunguliwa: "Fundi, amplifaya inajizima, nitafutie nyingine." Hununuliwa nyingine, ikafungwa palepale kwa nyaya zilezile na ethi ileile (waya wa negativu unaofungwa kwenye bodi ya gari), na haupiti muda mrefu nayo ikaanza kujizima. Fedha imekwenda na tatizo limebaki. Jambo hili linaniuma, kwa sababu mara nyingi dawa yake ilikuwa ni kipande cha msasa na spana namba 10.

Amplifaya ambayo hujizima kisha ikawaka tena aghlabu ni nzima. Ndani yake mna saketi ya ulinzi inayoangalia volti zinazoingia, joto la chombo, mkondo unaokwenda kwenye spika, na kama kuna mkondo mnyoofu (DC, kama wa betri) unaovuja kuelekea kwenye spika. Kimoja kati ya hivyo kikivuka mpaka, saketi hukata sauti na aghlabu huwasha taa nyekundu. Kwa hiyo chombo hakijafa, kinajilinda, na kazi yetu ni kujua kimejilinda na nini. Njia ya karibu zaidi ya kulijua hilo ni kuangalia inajizima wakati gani.

Ikiwa taa nyekundu inawaka mara tu redio inapowashwa, kabla hata muziki haujatoka, chomoa nyaya zote za spika na za RCA (zinazoleta sauti kutoka kwenye redio), ubakishe waya wa nguvu, ethi na remoti (waya mwembamba kutoka kwenye redio unaoiamuru amplifaya iwake) peke yake. Taa nyekundu ikiendelea kuwaka, na volti ni nzuri, basi aghlabu transista za ndani zimeungua na amplifaya inahitaji kwenda mezani kwa fundi wa vifaa vya elektroniki. Ikiwaka kijani, rudisha RCA, kisha rudisha spika moja baada ya moja mpaka uipate inayoleta shoti. Mara nyingi utakuta waya uliobanwa na reli ya kiti au bawaba ya mlango, ukachunika na kugusa bodi.

Ikiwa inajizima unapotoka kwenye redio kwenda kwenye USB, usihangaike na amplifaya hata kidogo. Magari yetu mengi yanatoka Japani, na redio zake nyingi za FM huishia megahezi 90 ilhali vituo vyetu vingi viko juu ya hapo, kwa hiyo mwenye gari huanza kwa kubadilisha redio. Katika redio nyingi za kununua dukani, waya wa buluu mtupu ni wa antena, na waya wa buluu wenye mstari mweupe ndio wa amplifaya. Baadhi ya redio hupeleka umeme kwenye waya wa antena wakati unaposikiliza FM tu, hivyo aliyeunganisha remoti hapo atakuwa na amplifaya inayokufa kila anapofungua USB. Hamisha waya, kazi imekwisha.

Ikiwa inajizima gari likipita kwenye mashimo, tafuta muunganiko uliolegea, na anza na remoti, kwa kuwa waya huo ni mwembamba na wengi huuviringisha kwa mkono na kuufunga kwa selotepu.

Sasa nije kwenye hali iliyo nyingi zaidi na inayopoteza fedha nyingi zaidi: amplifaya inapiga vizuri kwa sauti ya chini, ukiongeza besi inakata, ukipunguza inarudi. Hapa ninamwomba kila mwenye gari ajue namba chache. Betri iliyojaa na kupumzika husoma takriban volti 12.6. Injini ikiwaka, altaneta nzima hupandisha hadi kati ya 13.8 na 14.4. Amplifaya nyingi hujizima volti zinaposhuka karibu na 10 au 10.5. Fundi anayepima kwenye betri na kukuta 13.6 atakwambia umeme ni mzuri, na atakuwa amesema kweli kuhusu betri tu. Amplifaya iko kwenye buti, mita tano za waya kutoka hapo, na inachokiona yenyewe ni kitu kingine kabisa.

Tufanye hesabu. Amplifaya ya aina ya D inayotoa wati 500 za kweli, ikiwa na ufanisi wa asilimia 80, inahitaji kuvuta wati 625 kutoka kwenye umeme wa gari. Gawanya kwa volti 12.5, unapata ampea 50. Waya wa shaba wa milimita za mraba 16, wenye urefu wa mita tano, utapoteza kiasi cha volti 0.27 kwa mkondo huo. Waya wa 6 utapoteza karibu 0.72. Hapo hatujahesabu kishikio cha fyuzi, vichwa vya betri, wala ethi, na kila kimoja kinachukua sehemu yake.

Kwa hiyo nawasihi mpime hivi. Washa injini, piga sauti moja ya besi isiyobadilika, kwa mfano ya hezi 50, kwa sekunde chache tu, maana muziki hupandisha na kushusha upesi kuliko mita ya kawaida inavyoweza kufuata. Weka ncha moja ya mita kwenye pozitivu ya betri na nyingine kwenye pozitivu ya amplifaya: unachokisoma ni volti zilizopotea njiani. Kisha weka ncha moja kwenye negativu ya betri na nyingine kwenye skrubu ya ethi ya amplifaya: hizo ndizo zilizopotea upande wa pili. Jumla yake ikizidi nusu volti, usizungumze habari ya kununua amplifaya.

Karibuni kwa maswali. Anayeuliza atusaidie kwa kutaja amplifaya yake, spika zilivyounganishwa, na volti alizopima.

Mchangiaji, Mwanakwerekwe

Waaleikum salaam fundi, na ahsante kwa maelezo. Mimi ni dereva wa daladala. Nina amplifaya ya chaneli mbili iliyounganishwa kwa daraja ili zitoke kama moja, na sabufa mbili, kila moja ina koili mbili za omu 4. Aliyenifungia alizikusanya pozitivu zote pamoja na negativu zote pamoja. Sauti ikivuka nusu, inakata. Nimeshauriwa ninunue kapasita ya faradi 1. Je, itanisaidia?

Mwanzilishi wa uzi

Ndugu yangu, tatizo lako umelitaja mwenyewe katika sentensi ya muunganisho. Koili nne za omu 4 zikiunganishwa sambamba zote hutoa omu 1. Amplifaya nyingi za chaneli mbili, zikiwa kwenye daraja, hazitakiwi kushuka chini ya omu 4. Tazama maandishi yaliyo karibu na skrubu za spika, aghlabu yamechapwa hapo. Kwa volti zilezile za kutoka, omu 1 inadai mkondo mara nne ya omu 4. Amplifaya inakataa, na ina haki ya kukataa.

Unganisha hivi: katika kila sabufa, negativu ya koili ya kwanza iingie kwenye pozitivu ya koili ya pili, upate omu 8. Kisha sabufa hizo mbili za omu 8 ziunganishwe sambamba, upate omu 4. Hakuna kifaa cha kununua. Ukimaliza, chomoa nyaya kwenye amplifaya na upime kwa mita kabla ya kuzirudisha. Usishtuke ukisoma 3.4 au 3.6 badala ya 4, kwa sababu mita inapima ukinzani wa shaba ya koili tu na huwa chini kidogo ya namba iliyoandikwa. Gusanisha kwanza ncha za mita zenyewe, zikisoma 0.3, toa 0.3 katika jibu lako, maana kwenye omu ndogo kosa hilo linaweza kukudanganya.

Ama kapasita, yaani kifaa kinachohifadhi umeme kidogo na kuutoa upesi, nitakupa hesabu ili uamue mwenyewe. Kapasita ya faradi 1 inaposhuka kutoka volti 13.8 hadi 12 hutoa jouli 23 hivi. Mzigo unaovuta wati 600 huzimaliza jouli hizo kwa takriban sekunde 0.04. Inaweza kulainisha mpigo mfupi sana wa ngoma, lakini haiwezi kuziba pengo la waya mwembamba wala altaneta dhaifu, na haina uwezo wowote juu ya omu 1 uliyonayo.

Mchangiaji, Amani

Fundi, mimi nilikuwa na tatizo la fyuzi ya ampea 30 kukatika mara kwa mara. Jamaa akaniwekea ya 80 na tangu hapo haijakatika tena. Wapo pia wanaofungua amplifaya na kuiondoa sehemu ya ulinzi. Kwa nini hukutaja njia hizi?

Mwanzilishi wa uzi

Sikuzitaja kwa sababu ni hatari, na ninakuomba kwa dhati uirudishe fyuzi kabla hujalala leo. Fyuzi iliyo karibu na betri imewekwa kuulinda waya, si amplifaya. Waya wako unapita chini ya zulia, karibu na chuma chenye ncha, kuelekea nyuma ambako chini yake kuna tangi la petroli. Siku waya huo utakapochunika na kugusa bodi, betri itamwaga mamia ya ampea. Fyuzi sahihi itakatika papo hapo. Fyuzi ya 80 kwenye waya uliostahili 30 inaweza kuuacha waya uwe mwekundu kwanza, na zulia liwake moto na watu wakiwa ndani. Fyuzi huchaguliwa kwa unene wa waya, na huwekwa ndani ya sentimita 45 kutoka kwenye betri, kwa kuwa kipande cha waya kilicho kabla ya fyuzi hakina mlinzi yeyote.

Fyuzi ya 30 iliyokuwa ikikatika ilikuwa na sababu. Huenda amplifaya yako inavuta zaidi ya 30 kihalali, na hapo waya wenyewe ndio unatakiwa kubadilishwa uwe mnene, pamoja na fyuzi. Au kuna sabufa yenye omu ndogo. Pima, utuletee namba. Na aliyeondoa ulinzi ndani ya amplifaya, siku transista moja itakapokufa, mkondo mnyoofu utaingia moja kwa moja kwenye koili za sabufa na kuziunguza.

Mchangiaji, Michenzani (fundi)

Mwenzangu, nakubaliana nawe katika mengi, ila ningependa kuwatetea wateja wa kipato cha chini. Waya halisi wa shaba ni ghali. Waya wa alumini uliopakwa shaba ndio unaopatikana kwa wingi katika seti za kufungia amplifaya, na mimi nimewafungia watu wengi bila malalamiko.

Mwanzilishi wa uzi

Hoja yako ni ya haki na sitaikataa. Waya wa alumini uliopakwa shaba hupitisha umeme kwa kiasi cha asilimia 60 na kidogo ukilinganisha na shaba tupu, kwa hiyo anayehitaji milimita za mraba 10 za shaba achukue 16 za alumini, na atapata matokeo yanayokaribiana. Udhia unaanza pale mteja anapouziwa waya wenye plastiki nene kama kidole na chuma chembamba ndani yake, akaamini amepata waya mkubwa. Kabla ya kulipa, muombe muuzaji uchune ncha, ukwaruze uzi mmoja kwa kisu. Ukiona weupe ndani ya wekundu, ni alumini. Kinyume chake, weupe wa juu wenye wekundu ndani ni shaba iliyopakwa bati, na huo ni waya mzuri sana kwetu.

Nasema kwetu kwa sababu ya chumvi. Hapa visiwani hewa ya bahari huingia kila mahali, na alumini ikishikana na shaba penye unyevu wa chumvi huliwa haraka. Ukiutumia waya huo, ubane vizuri kwenye kichwa chake, ufunike maungio, na usiukunje kwa pembe kali, kwani nyuzi zake hukatika ndani ya plastiki bila kuonekana.

Mchangiaji, Chake Chake

Sisi tuna gari la matangazo hapa Pemba. Tukitembea barabarani hakuna shida, lakini tukisimama Machomanne na kuzima injini ili sauti isikike vizuri, baada ya muda amplifaya inakata, na mara nyingine hata gari haliwaki. Tumebadilisha betri, hali ni ileile.

Mwanzilishi wa uzi

Hapo amplifaya haina kosa, wala betri haina kosa. Inafanyishwa kazi isiyokuwa yake. Betri ya kawaida ya gari imetengenezwa kutoa mkondo mkubwa kwa sekunde chache za kuwasha injini kisha ijazwe. Chukua betri ya ampea-saa 60: ukivuta ampea 20 kwa wastani, nusu yake inaisha kwa saa moja na nusu, na kuishusha zaidi ya hapo mara kwa mara kunaiua. Iliyopumzika ikisoma karibu 12.2 iko nusu. Ikisoma chini ya 12.0 imekaribia kwisha.

Kwa kazi yenu ningeweka betri ya pili, ya aina inayovumilia kushushwa, kama zile za umeme wa jua, iwe ya amplifaya peke yake. Kati ya betri mbili hizo iwekwe relei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) inayoziunganisha wakati injini inawaka tu, na fyuzi kila upande. Hapo matangazo yakimaliza betri ya pili, gari bado litawaka na mtarejea nyumbani.

Mchangiaji, Paje

Yangu haijali sauti kubwa wala ndogo. Inapiga nusu saa, inakata, nikisubiri robo saa inarudi. Iko chini ya kiti cha dereva.

Mwanzilishi wa uzi

Hilo ni joto. Ukiigusa ilipokata na mkono ukashindwa kuvumilia, jibu umelipata. Angalia zulia halijaufunika mwili wake wenye mapezi, na kwamba haikufungwa kifudifudi. Katika miezi ya kaskazi, gari lililoegeshwa juani huanza safari likiwa limeshapata joto kali, kwa hiyo nafasi ya sentimita kadhaa kila upande si anasa. Lakini kabla ya kuihamisha, pima omu za spika, kwani omu zikiwa chini ya zilizoandikwa kwenye amplifaya huleta dalili hii hii. Angalia pia kama geini (kirekebisho cha sauti inayoingia kwenye amplifaya) imefunguliwa hadi mwisho: inatakiwa kulingana na redio, na anayeitumia kama kitufe cha kuongeza sauti anaikwangua sauti na kuipasha moto amplifaya.

Mchangiaji, Nungwi

Fundi, nimefuata kipimo chako. Yangu hukata kila besi inapopiga. Injini ikiwaka na sauti ya hezi 50, betri 13.6, kwenye amplifaya 11.2. Upande wa pozitivu zinapotea 0.6, upande wa ethi 1.8. Ethi imefungwa kwenye bolti ya mkanda wa usalama.

Mwanzilishi wa uzi

Umeifanya kazi vizuri sana, na namba zako zinajumlika sawasawa: 0.6 na 1.8 ni 2.4, na 13.6 kutoa 2.4 ni 11.2. Kumbuka hiyo ni sauti moja ya kipimo. Mpigo mkubwa wa muziki unaishusha zaidi mpaka inagusa mpaka wa kujizima.

Ondoa ethi kwenye bolti hiyo leo, kwanza kwa ajili ya usalama wa abiria, kwa sababu bolti ya mkanda haitakiwi kuwekewa kitu kinachozuia kukaza kwake. Pili, huwa imepakwa rangi na gundi ya kuizuia isilegee, na rangi haipitishi umeme. Tafuta chuma kinene cha bodi ndani ya nusu mita, kwaruza kwa msasa mpaka kingʼae, funga kichwa cha waya kwa bolti na nati yake, kaza, kisha paka grisi juu ya kila kitu baada ya kukaza ili chumvi isipate njia. Waya wa ethi uwe na unene uleule wa pozitivu.

Mchangiaji, Nungwi

Nimefanya. Upande wa ethi sasa ni 0.1, na amplifaya inaona 12.9. Besi haikati tena. Upande wa pozitivu bado 0.6, na kishikio cha fyuzi kina unga wa kijani na kinapata joto kikiguswa.

Mwanzilishi wa uzi

Alhamdulillahi. Hiyo 0.6 tuigawe. Pima kwenye ncha mbili za kishikio cha fyuzi sauti ileile ya hezi 50 ikipiga. Ukisoma 0.3 au zaidi hapo, kwa ampea 50 ni wati 15 zinazogeuka joto ndani ya kipande cha plastiki, na siku moja kitayeyuka. Usikisafishe, kibadilishe, ununue chenye kifuniko kinachoziba. Kata ncha za waya mpaka ufike kwenye shaba safi isiyo na kijani kabla ya kukibana kipya, na ukishamaliza urudie kipimo kilekile kutoka betri hadi amplifaya. Ikishuka hadi 0.3, iache hivyo na uendelee kusikiliza. Ikibaki 0.6, waya wenyewe ni mdogo. Tuandikie unene wake na kama ni shaba au alumini, tuchague mwingine.